Mdogo wangu yuko Svalbard juu ya barafu: mtu akitumbukia ufani akiumia, hutolewaje?

BintiMikindani

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mikindani, naomba msaada kwa mwenye ujuzi wa kazi hii.

Mdogo wangu wa mwisho anasoma jiolojia Norwei. Muhula huu yuko Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, mji unaitwa Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini. Wanafunzi wanapanda skuta za theluji, wanakwenda juu ya mito ya barafu kupima unene wake. Jumapili alipiga simu ya video akatuonesha ufa. Mdomo wake mtu mwenye miguu mirefu anauruka, lakini ndani barafu inaanza samawati hafifu, inakolea, inakolea tena, kisha huoni kitu. Akasema huo ni wa afadhali kwa sababu unaonekana. Mwingi unafunikwa na theluji, unaweza kusimama juu yake usijue.

Mama aliiona picha ile. Habari za dubu alikuwa ameshazizoea, lakini hii imemkosesha usingizi. Kila akipiga simu anamuuliza, "Ukiingia humo, nani atakutoa?" Yeye anajibu, "Mama usijali, tumefundishwa." Mama ni mtoto wa wavuvi. Anajua bahari imechukua wangapi waliofundishwa.

Nataka nimweleze mwenyewe, jambo baada ya jambo, kwa lugha anayoielewa. Mtu yuko mita 20 chini, mguu umevunjika. Wenzake wanaweza kumtoa, au wanakaa tu wakisubiri helikopta? Na ana muda gani humo?

KusiniDamu

Dada, mwambie mama atulie. Norwei nchi tajiri, helikopta zipo na hospitali zipo. Hawaachi mtu wale.

MzeeWaRondo

Binti, pole kwa wasiwasi, na mfikishie mama salamu zangu. Mimi ni wa Rondo, huku Lindi, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa Moshi, nikiongoza wageni Kilimanjaro na Mlima Kenya. Barafu ya juu Kilimanjaro haitembei sana, ina kuta zilizosimama wima, na watu kutumbukia ufani si habari ya kila siku pale. Uokoaji wa nyufa nilifundishwa kwenye barafu ya Lewis, Mlima Kenya, na walimu kutoka Austria. Waliturudisha kwenye zoezi lilelile mpaka tukawa tunafunga mafundo gizani tukiwa na glavu.

KusiniDamu hajakosea, helikopta zipo Svalbard, na kuna kikosi cha kujitolea cha Msalaba Mwekundu palepale Longyearbyen. Ila ukungu ukishuka helikopta hairuki, na hata ikiruka inachukua muda. Saa ya kwanza ni ya wale waliosimama juu ya ufa. Kwa hiyo swali la mama ni swali zuri kuliko anavyodhani, na jibu lake ni: wenzake.

Kwanza aujue ufa. Mto wa barafu unatembea, polepole sana, kwa uzito wake wenyewe. Ukipita juu ya mwamba uliobinuka au ukikata kona, barafu ya juu haiwezi kunyumbuka, inapasuka. Ya chini imebanwa na uzito, hiyo inanyumbuka, ndiyo maana nyufa nyingi hazizidi sana mita 30 au 40 kwenda chini. Halafu upepo unaleta theluji, inajishika kwenye kingo zote mbili mpaka inakutana katikati. Hilo tunaliita daraja la theluji. Likiwa nene linabeba mtu. Likiwa jembamba linaweza kumpitisha wa kwanza likamwangusha wa pili.

Sasa, ufa ni mpana juu na mwembamba chini. Anayeanguka hadi chini mara nyingi hafiki mahali pa kusimama, anabanwa. Joto la mwili wake linayeyusha barafu inayomgusa, anateleza chini kidogo, anabanwa zaidi, na yale maji yanaganda tena kwenye nguo. Huyu ndiye mgumu kumtoa. Waokoaji wa Milima ya Alpi huenda na guzo la miguu mitatu lenye winchi, na nyundo ndogo zinazoendeshwa kwa hewa, wanashuka wanachonga barafu pembeni ya mwili wake kidogokidogo. Kazi ya saa nyingi.

Ndiyo maana watu hutembea wamefungana kamba. Watu watatu kwenye kamba moja, mita 10 hadi 15 kati ya mtu na mtu, kamba ikiwa imenyooka. Kamba inayoburuta chini inamwacha mtu apate kasi kwanza ndipo imshike, na kasi hiyo inawavuta na wengine. Ikiwa imenyooka, anaanguka mita chache tu anabaki ananing'inia, hafiki kule kwenye kubanwa. Wa juu wanajitupa chini, wanakita visigino na sururu kwenye theluji, wanamshikilia.

Hapo ndipo nataka mama anisikilize, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza mtu aliyekuwa anaokoka. Kila mmoja anataka kuvuta. Unamsikia mwenzako analia chini, mikono inawasha. Usivute! Kamba imeshajikata ndani ya ukingo wa theluji kama mita nzima. Ukivuta kwa nguvu unampeleka juu mpaka kichwa kinagonga chini ya ukingo ule, na kila mnavyozidi kuvuta mnamkandamiza shingo na mbavu. Na anayekimbilia ukingoni kuchungulia bila kufungwa, ukingo unamkatikia, anamwangukia mwenzake. Sasa mna wagonjwa wawili.

Kazi ya kwanza ni nanga. Mmoja anaendelea kumshikilia kwa mwili wake, mwingine anachimba. Unachimba mtaro uliokingama na kamba, kina cha goti au zaidi. Ukuta wa upande wa ufa usiuache umelalia nje, uchonge uingie ndani kidogo kwa chini, ili sururu utakayoilaza humo ikivutwa izidi kuzama badala ya kupanda. Katikati ya sururu unafunga utepe, na utepe huo nao unauchimbia kijifereji chake kuelekea ufani, chenye kina kilekile cha mtaro. Wengi wanakisahau kijifereji. Wasipokichimba, utepe unaivuta sururu kwenda juu na nanga yote inang'oka. Kisha unafukia na kukanyaga theluji mpaka ishikamane. Kwenye barafu ngumu hakuna kuchimba, unakaza skrubu za barafu, na zisipungue mbili.

Uzito unahamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwenye nanga kwa fundo la Prusik. Karl Prusik wa Austria ndiye aliyelieneza, tangu 1931. Kikamba chembamba unakizungusha mara tatu juu ya kamba nene. Ukikivuta kinauma, ukikilegeza kinateleza. Sijaona chombo kidogo kilichookoa watu wengi kuliko hicho, na hakimzidi mtu bei. Mdogo wako awe navyo viwili mkandani muda wote, kwa sababu hata aliye chini, kama mikono ni mizima, anaweza kupanda kamba yake mwenyewe kwa kimoja cha kiunoni na kimoja cha mguu.

Nanga ikishika, mmoja anatambaa hadi ukingoni akiwa amefungwa kwenye nanga hiyo, anazungumza na aliye chini. Unapumua? Unaumia wapi? Mikono inafanya kazi? Anaondoa theluji inayoning'inia, ila si juu ya kichwa cha mgonjwa, na anaweka mpini wa sururu au begi chini ya kamba isiendelee kujikata. Begi lenyewe lifungwe, lisije likamwangukia.

Ndipo kuvuta. Mama amekua akiona majahazi, hili atalijua kuliko mimi: ni henza na kapi, yaani kamba ya kupandishia tanga na gurudumu inamopita; foromali, boriti ya tanga, haipandishwi kwa mikono mitupu. Kamba inapitishwa mara mbili ikifanya umbo la herufi Z, kapi moja nangani, jingine likitembea na kamba. Unavuta mita 3, mtu anapanda mita 1, na kilo 80 zake mkononi zinakuwa kama 27. Msuguano unarudisha sehemu ya uzito huo, lakini watu wawili wanaweza. Fundo la Prusik linashika kila mnapopumzika, asirudi chini.

Kwa aliyevunjika mguu, mtu anashuka kwanza, kwa kamba yake na nanga yake, pembeni kidogo ili theluji anayoiangusha isimpige. Anazuia damu, anamvalisha koti kavu, anafunga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima akiweka kitu laini katikati, anaongeza mkanda wa kifuani asipinduke kichwa chini. Akishuku uti wa mgongo, na mgonjwa anapumua vizuri na hayuko katika hatari ya haraka, wanamshikilia hapohapo, wanamkinga na baridi, wanawasubiri wenye machela.

Wapo waliojitoa peke yao pia. Mei 2014 huko Nepal, mwanasayansi Mmarekani John All alianguka ufani kama mita 20 akiwa peke yake, akavunjika mbavu na bega likaumia. Alipanda kwa saa kadhaa kwa mkono mmoja mpaka akatoka. Mwambie mama na hilo.

MuuguziLindi

Mzee ameeleza kamba, mimi niongezee mwili. Ni muuguzi, nipo Lindi. Watu wanashangaa nikisema tunapambana na baridi huku kwetu, lakini joto la mwili kushuka tunaliona kwa watoto njiti, na kwa wavuvi waliopinduka wakakesha majini. Maji ya bahari yetu ni ya vuguvugu na bado mtu anatolewa asubuhi anatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe. Ndani ya barafu ni haraka zaidi.

Dada, muda umeuliza. Hakuna saa moja ya kukupa, inategemea nguo, kama amelowa, kama anavuja damu, kama amebanwa. Cha kuangalia ni hiki. Joto la ndani la kawaida ni kama nyuzi 37. Kati ya 35 na 32 mtu anatetemeka, anaongea, anajua jina lake. Chini ya 32 kutetemeka kunapungua na kukoma, anaongea ovyo, anataka kulala. Wengi hapo hudhani amepata nafuu kwa sababu ametulia. Ndipo hatari inapoanza. Chini ya 28 moyo unakuwa mwepesi sana kuvurugika; kumgeuza kwa nguvu tu au kumvuta kwa mshtuko kunaweza kuufanya utetemeke badala ya kupiga.

Kwa hiyo aliyepoa sana anavutwa taratibu, ikiwezekana akiwa amelala, asitolewe amening'inia wima kisha akasimamishwa. Watu wamewahi kutolewa wakiwa wanaongea, wakafa dakika chache baada ya kufika juu. Akifika, hatembezwi, hasuguliwi mikono wala miguu, hapewi pombe. Alazwe juu ya kitu kinachomtenga na theluji, maana baridi ya chini inamla kuliko upepo. Kama hakuna hema, msimvue nguo nje. Mfungeni ndani ya plastiki kisha mablanketi, na vifuko vya joto kifuani na kwapani, juu ya nguo, si juu ya ngozi.

Damu nayo. Mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri, kidonda ambacho huku kingekauka chenyewe kule kinaendelea kutoka. Anayeshuka ufani aanze na hilo kabla ya mguu.

Na la mwisho kwa mama. Mtu aliyepoa sana anaweza kuonekana maiti. Mapigo yanatafutwa kwa dakika nzima, siyo sekunde tano. Asipokuwa nayo anakandamizwa kifua, na hawaachi mpaka afike hospitali apashwe joto, isipokuwa ana jeraha ambalo hakuna anayeweza kupona nalo. Mwaka 1999 daktari Anna Bågenholm alinasa chini ya barafu ya kijito huko Norwei, akakaa humo dakika 80, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7. Walimpeleka Tromsø, wakaendelea naye, akapona, akarudi kazini, na baadaye akafanya kazi kwenye hospitali hiyohiyo. Wagonjwa mahututi wa Svalbard nao hupelekwa Tromsø.

BintiMikindani

Mzee, salamu zako nimemfikishia mama, nami nakuamkia, shikamoo. Dada muuguzi, asante sana. Nimemsomea mama yote. Kwenye henza na kapi alinisimamisha, akaniuliza, "Na kamba ni ya nini?" Nikamwambia nailoni, akaridhika.

Ila nimempigia mdogo wangu, kuna jambo limenitia hofu upya. Anasema kwenye skuta hawafungani kamba! Kila mtu na skuta yake, wanakwenda wamefuatana. Sasa hayo yote ya watu watatu kwenye kamba yanamsaidia nini?

MzeeWaRondo

Marahaba mwanangu.

Ni kweli, kwenye skuta hawafungani, mashine zingevutana. Pale kinga inakuwa nyingine. Skuta ni nzito, ila uzito wake umetandazwa kwenye mkanda mrefu, mara nyingi inavuka daraja ambalo mguu wa mtu ungelitoboa. Kwa hiyo hatari kubwa ni pale anaposimama na kushuka kwenda kujisaidia au kupiga picha. Mwulize haya manne, na asikujibu "tumefundishwa", akujibu kwa maneno.

Mkanda wa kiunoni na mapajani anauvaa tangu wanapoondoka, au uko begini? Uwe mwilini, juu ya nguo zote. Aliyenasa ufani na mguu uliovunjika hawezi kuuvaa kule, lakini kama anao, wa juu wanateremsha karabina tu, ile pete ya chuma ya kufungia kamba.

Akishuka kwenye skuta, anapima kwanza kwa fimbo ndefu ya kupimia theluji? Apime kabla ya kuweka mguu, abaki kwenye alama ya mashine.

Vifaa vya uokoaji viko kwenye sleji ya nani, ule mkokoteni wa theluji unaoburutwa na skuta? Visiwe vyote kwenye moja, na hasa visiwe kwa anayetangulia. Yeye ndiye wa kwanza kutumbukia, na vifaa vitazama naye.

Nani mwenye simu ya setilaiti, na nani wa pili anayejua kuitumia?

Pia waendeshe ndani ya alama ya aliyetangulia, wakiachiana nafasi, na wakivuka eneo la nyufa walikate kwa kukingama, siyo kwa kulifuata urefu wake. Chuo cha kule kinawapitisha kwenye mafunzo ya usalama kabla ya kuwapeleka nje, na wanatumia rada inayopenya barafu kuona nyufa zilizofunikwa. Hilo ni jambo jema na lina uzito. Ila mafunzo ya mikono yanachuja. Wafanye zoezi la kapi tena kila kabla ya safari ndefu, hata uwanjani nyuma ya bweni.

BintiMikindani

Amejibu usiku huu. Mkanda wanauvaa. Fimbo anayo. Simu za setilaiti ni mbili. La sleji hakulijua, akaenda kumuuliza kiongozi wao, na kesho wanapanga upya mizigo. Mama amesema nikuambie Mungu akuzidishie, Mzee.

NewalaJuu

Mzee shikamoo. Samahani kuingilia, huku uwandani kwetu Newala barafu hatuna, lakini nimesoma hapa nikakumbuka mambo yetu. Maji ya huku unayajua, nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya mvua, kimechimbwa ardhini, mdomo mdogo. Kabla ya mvua watu wanaingia kusafisha. Kuna kijana alishuka akaanguka humo, mwenzake akamfuata kumwokoa, naye akaanguka. Je, hiyo kapi inafaa kwetu?

MzeeWaRondo

Marahaba kaka. Poleni sana.

Inafaa, lakini kwenu adui wa kwanza ni hewa. Kisima kilichofunikwa muda mrefu kinaweza kukosa oksijeni, na ukiwasha pampu ya petroli ndani au karibu na mdomo, moshi wake unaua kimya. Taa ya utambi ikizimika humo unajua oksijeni haitoshi. Ikiendelea kuwaka bado haikuambii kitu kuhusu ule moshi. Kwa hiyo aliyeanguka ghafla bila kelele, asifuatwe na mtu yeyote. Pigeni Zimamoto na Uokoaji, 114, huku mnapeleka hewa safi chini kwa feni au pampu ya upepo, injini yake ikiwa mbali.

Dawa yenyewe iko kabla ya kushuka. Anayeingia kusafisha avae mkanda unaoshika mapaja na kifua, kamba ya nailoni imefungwa mgongoni kwake, na juu mweke nguzo tatu imara zilizofungwa kileleni, miguu yake ifungwe kamba isitanuke, kapi katikati. Watu wawili au watatu wasiondoke kwenye kamba hiyo hata kwa kwenda kunywa maji, na wazungumze naye muda wote. Akinyamaza, mnamvuta palepale bila mwingine kushuka. Kamba ya ndoo msiitumie, imeshaliwa na jua. Na watazamaji wakae mbali na mdomo, wakanyage mbao siyo udongo, maana udongo wenu wa juu ni wa kichanga na unamomonyoka kwa uzito wa watu wachache tu.

Ukipata nafasi njoo Rondo, au niambie mko kijiji gani, nitakuja na kamba nikawaoneshe vijana namna ya kuzifunga hizo nguzo.